Mama Mkwe Anamshukuru Mwanawe kwa Pesa za Duka Letu

Mpendwa Bi Radostina,

Naomba unijibu kabla ya Jumapili, maana gazeti lenu hutoka Ijumaa; kila Jumapili saa sita mchana, watu wakishatoka kanisani, shemeji yangu hupiga simu kutoka Hispania na mimi hukimbilia chooni kujifanya nafua, ila Jumapili hii mume wangu ameapa kwamba kama sijasema ukweli atausema yeye, simu ikiwa wazi mezani na mama anasikia, na hapo sijui nitaiweka wapi sura yangu.

Naitwa Snezhina, nina miaka thelathini na sita, nimeolewa huku milimani Rodopi, si mbali na Smolyan, na tunakaa nyumba moja na mama mkwe wangu, mama Velika, yeye juu sisi chini. Mama ni fundi wa kufuma, fundi aliyesajiliwa, cheti chake kimetundikwa ukutani karibu na picha ya mtakatifu na sijui kipi anakifuta vumbi zaidi. Anafuma viatu vya sufu vya kuvaa ndani, vile vinene vyenye maua, yeye na majirani watatu, na mimi ndiye muuzaji. Miaka minne iliyopita nilifungua duka mtandaoni, duka la kupanga, yaani kila mwezi tunawalipa wenye jukwaa, wao wanatupa ukurasa na kapu la mteja, sisi tunaweka picha na bei, na duka liko kwa jina la mama kwa sababu cheti ni chake.

Sasa wewe ni mtu wa hapa hapa, unajua tunavyonunua. Mteja anaagiza, mzigo unafika ofisi ya msafirishaji, anaufungua pale pale kwenye kaunta, anajaribu, akipenda analipa na asipopenda anausukuma upande wa pili na kwenda zake, na nauli ya kurudi ni juu yangu. Kuna bwana mmoja wa Plovdiv, alinisimulia karani wa huko mwenyewe, alivaa viatu vyetu akatembea navyo hadi mlangoni, akarudi, akaomba kiti, akakaa navyo akimsubiri mkewe atoke kwa mtengeneza nywele, na miguu ilipopata joto akavivua akasema rangi hakuipenda. Vikanirudia vina umbo la miguu yake.

Nikamwambia mama, tuweke malipo ya kadi, mtu alipe kwanza ndipo tutume. Alikuwa anahesabu mishono, hakuinua hata macho.

"Alipe kitu hajakiona?"

"Anaona picha, mama."

"Picha haina joto. Mtu anayelipa kitu hajakishika ama kalewa ama ni mjinga, na mimi siwafumii hao."

Basi nikafanya kimya kimya, mwezi wa kwanza, yeye akiwa kanisani. Jukwaa lenyewe halipokei pesa, lina ukurasa wa malipo ambapo unachagua kampuni za nje, unajiandikisha kwao, wanaunganishwa na duka lako na mteja anaona kitufe kipya. Tamaa ikanishika nikaunganisha tatu kwa mpigo: ya kadi, ya pochi ya simu, na moja ya kulipa kwa awamu, eti viatu vya sufu kwa awamu nne, na usicheke Bi Radostina, yuko mwalimu mmoja wa Ruse hadi leo yuko awamu ya tatu. Nikadhani nimemaliza. Kampuni ya kadi wakaniandikia kwamba wanataka uso wa mwenye duka, picha ipigwe papo hapo na simu, kitambulisho kikiwa kando ya shavu, na pesa zitaingia kwenye akaunti yenye jina lake tu, si la mtu mwingine yeyote. Na mama ana akaunti moja duniani, ile ya pensheni, nikawapa hiyo hiyo.

Hapa ndipo nilipojipalia makaa. Mama hapendi kupigwa picha, lakini ana mtoto mwingine, Ventsislav, mdogo wa mume wangu, tunamwita Ventsi, yuko Valencia anapakia machungwa, mwaka wa saba huu hajakanyaga nyumbani, na simu alikuwa anapiga mara mbili kwa mwaka, Krismasi na sikukuu ya jina la mama, yaani siku ya mtakatifu wake. Nikamwambia mama, Ventsi anataka picha yako. Hata sikumaliza sentensi, alishavua aproni.

"Shika kitambulisho hapa, mama, karibu na shavu."

"Cha nini? Ventsi amekuwa polisi?"

"Ndivyo picha za simu zinavyotumwa siku hizi."

"Mtoto niliyemzaa mwenyewe, hanijui mpaka aone kitambulisho?"

Picha ya kwanza wakaikataa kwa sababu ya kivuli cha kitambaa cha kichwani. Ya pili wakaikataa kwa sababu anacheka, na nilipomwambia asicheke akasema nacheka na mwanangu, wewe inakuhusu nini. Ya tatu alikaza uso na ikapita. Akaniuliza, akiiona, je, atajua kwamba nimezeeka? Nikamwambia hapana mama. Akasema, "Bora ajue. Labda atapiga simu."

Viatu vikaanza kwenda, tena vizuri, watu wa Sofia na Varna wanalipa kwa kadi bila maneno. Lakini mama alipokwenda kuchukua pensheni akakuta mle ndani euro mia mbili na kumi ambazo hakuziweka. Alirudi na jibini, unga na macho mekundu, akanishika mikono yote miwili akasema, "Ventsi ameiona picha." Mimi nikaupokea unga. Siku hiyo hiyo akampigia kumshukuru, nimesimama hapo nimeshika bakuli la maharage, nikamsikia shemeji yangu akisema, "Si kitu, mama. Ni wajibu wangu."

Nilimpigia kesho yake, nikamuuliza, shemeji, umetuma nini wewe? Akaniambia, "Sijatuma kitu, lakini ulitaka nifanyeje, mama analia kwa furaha, nimkatize? Na wewe usimkatize." Kavikwa kilemba cha ukoka na kimemkaa vizuri, tangu siku hiyo hupiga kila Jumapili bila kukosa.

Sasa tuko Kwaresima na maji yamenifika shingoni. Pesa huingia Alhamisi, na kila Alhamisi mama huniuliza, "Wiki hii jozi ngapi zimeondoka ambazo Iskra hatapokea pesa zake?" Iskra ni karani wa msafirishaji hapa kwetu, ndiye hutuletea pesa za wanaolipa wakishajaribu. Namjibu, nikidhani anahesabu maboksi tu, maana mama ndiye huyafunga yote, hamwamini mtu mwingine na kamba. Basi anavaa koti anakwenda benki, hataki nimsindikize, na akirudi anasema Ventsi amekumbuka tena. Karatasi za benki anazitia kwenye kopo la biskuti na kopo halali mbali na mto wake. Kwa pesa hizo amepaka rangi chumba cha Ventsi, amenunua kitanda cha watu wawili, anasema Pasaka atakuja, labda na mchumba. Sufu hatujanunua, majirani wa kufuma nawalipa kwa mshahara wangu wa kazi ya duka la dawa, na mume wangu, Lachezar, ambaye hupasua kuni chini ya dirisha la mama siku zote, juzi aliambiwa ajifunze kwa mdogo wake. Aliingia ndani na shoka mkononi, akakaa, akaniambia, "Snezhina, napigwa vijembe kwa pesa za mke wangu mwenyewe. Jumapili nasema."

Bi Radostina, nikisema, nitamnyang'anya mama mtoto wake mara ya pili. Nisiposema, duka linakufa na ndoa yangu itaugua. Sijaiba, sijamtukana mtu, nilitaka kitufe cha kadi tu. Nifanye nini?

Wako,
Snezhina wa Rodopi

*

Snezhina mpenzi, toka chooni.

Majina yenu nimeyabadilisha na mji nimeusogeza, ingawa mama mkwe wako akilisoma gazeti hili atamtambua yule bwana wa Plovdiv kwa miguu tu. Kwa hiyo usingoje alisome. Una Ijumaa jioni na Jumamosi nzima, nazo zinakutosha.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka. Kuhusu biashara hukukosea sana. Huwezi kuendesha duka kwa kuwapashia joto wanaume wa watu miguu bure. Kadi ilihitajika, na wenye kampuni walikuwa na haki ya kutaka kumwona mwenye duka, maana wasingetaka, leo kila tapeli angekuwa anauza viatu vya bibi yake. Ila kuunganisha tatu kwa mpigo ni ulafi. Ile ya awamu iondoe leo, muache mwalimu wa watu amalize awamu yake ya nne kwa amani, na baada yake asikopeshwe mtu viatu vya kuvaa ndani.

Sasa tuje kwenye lile unalolipita haraka haraka katika barua yako. Unasema hukuiba. Dada, ulimtafutia mama huyu kitu kimoja ambacho kingemvua aproni bila kuuliza swali, ukakijua vizuri sana, na ukakitumia ili kampuni ikubali picha. Ungeweza kumwambia ni ya benki, angekununia wiki moja na mambo yangekwisha. Ulichagua jina la mtoto ambaye hajamwona miaka saba. Hilo limeniuma mimi nisiyemjua, sijui wewe umelalaje nalo tangu mwezi wa kwanza. Kitufe cha kadi kisingizio tu, usikisingizie tena.

Hayo yamekwisha, kaa chini nikuambie lililokupita. Isome tena barua yako mwenyewe. Nani anafunga maboksi? Mama. Boksi la mtu anayelipa kwa Iskra lina karatasi inayosema mteja alipe kiasi fulani, na la mtu aliyekwisha kulipa halina. Nani anakuuliza kila Alhamisi jozi ngapi zimeondoka ambazo Iskra hatapokea pesa zake? Mama. Kisha anavaa koti na kwenda kuchukua pesa za jozi hizo hizo, hataki usimame naye dirishani, na karatasi ya benki, ambayo imeandika wazi jina la kampuni iliyotuma, anaificha ndani ya kopo na kopo karibu na mto. Mwanamke anayefuma maua ya rangi nne bila kukosea mshono, wewe unadhani hajui kujumlisha?

Sitaapa, sijakaa jikoni kwenu. Lakini nimejibu barua za kina mama miaka kumi na tisa na nakuambia mama Velika anajua. Labda wiki ya kwanza aliamini kweli, na yale machozi yalikuwa ya kweli. Wiki ya pili alisoma karatasi. Na akafanya hesabu nyingine ambayo haimo kwenye duka lenu: akimshukuru Ventsi, Ventsi anaona haya, na akiona haya anapiga simu. Mara mbili kwa mwaka imekuwa kila Jumapili. Wewe ulimtapeli mara moja kwa picha, yeye amekuwa akiwatapeli wote watatu kila wiki kwa shukrani, na kwa ufundi mkubwa kuliko wako. Kitanda kile ndicho peke yake kinachonitia wasiwasi, maana hapo naona ameanza kuuamini uongo wake mwenyewe.

Ndiyo maana lazima useme. Usiseme kwa ajili ya sufu, wala kwa ajili ya mumeo na shoka lake. Sema kwa sababu mama mzima anatandika shuka kwa ajili ya mtu ambaye hajasema atakuja, na kila mtu ndani ya nyumba anajua, ila hakuna anayelitamka.

Jumamosi asubuhi panda juu, peke yako. Usibebe banitsa ya jibini, usibebe zawadi, atajua unampaka mafuta. Mwambie, "Mama, ile picha sikumtumia Ventsi. Niliitumia kwa kampuni ya malipo, na pesa zinazoingia ni za viatu vyako. Nilikudanganya, nisamehe." Ukishamaliza, nyamaza. Usimwambie kwamba najua anajua, wala usimwoneshe aya hii. Akitaka kushangaa, muache ashangae, amejitafutia haki hiyo. Akitaka kulia, kaa hapo hapo, usikimbilie choo. Kisha mbele yake chukua simu, mtumie Ventsi ile picha ya tatu, ya uso uliokazwa, na kitambulisho chake shavuni. Ilipaswa kwenda huko tangu mwanzo.

Jumatatu mwende benki wawili. Mfungue akaunti ya pili kwa jina lake, ya duka peke yake, na wewe uandikishwe kuwa na ruhusa ya kuitumia, kisha uwaandikie kampuni wahamishie malipo huko. Ya pensheni ibaki ya pensheni. Kulipa kwa Iskra msikuondoe, nusu ya nchi hii haitatoa senti kabla ya kuminya sufu kwa vidole, na mama Velika ni mmoja wao. Mteja achague mwenyewe, anayelipa kwa kadi apunguziwe nauli, na huyo wa Plovdiv akiagiza tena muandikie kwamba vimekwisha. Mama ndiye mwenye duka, kwa hiyo kuanzia sasa kila kitufe kipya unamwonesha kwanza, hata akikataa. Hasa akikataa.

Lachezar asiseme neno Jumapili. Nimekuelewa, bwana, unapasua kuni na sifa zinakwenda Valencia, inachoma. Lakini ukimwaibisha ndugu yako mbele ya mama yako, atakayekosa simu Jumapili inayofuata si wewe. Panda kula chakula cha mchana na mama, kaa mezani, na ukipenda jipendekeze kidogo, hakuna aliyekukataza.

Na Ventsi, kwa kuwa najua utamtumia gazeti hili. Kijana, hukusema uongo mkubwa, ulinyamaza tu pale ulipopaswa kusema, na umekula sifa za watu tangu majira ya baridi. Sikuambii upande ndege kesho, sijui mfuko wako ukoje. Nakuambia fungua duka la mama yako kwenye simu, chagua jozi ya namba yako, bonyeza hicho kitufe cha kadi kilicholeta balaa lote hili, na ulipe bei kamili pamoja na nauli ya hadi Hispania. Mama yako ndiye atakayelifunga boksi hilo. Atasoma jina lako juu yake, na ataona limelipiwa.

Snezhina, mpe Ventsi hadi Alhamisi. Asipolipa, wewe na Lachezar msimlipie kwa siri. Mama ana haki ya kulijua na hilo.

Bi Radostina